Daftari la Marehemu: Tuchome au Tutunze?

Likizo iliyopita nilibeba vitabu vitatu kutoka chuoni Mbale na sikufungua hata kimoja. Nilisoma karatasi za babu.

Babu alianza maisha pale Busia kwa kubeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Jina la bodaboda lilizaliwa hapo, na sisi watu wa mpakani hatuchoki kuwakumbusha wenzetu wa Kampala. Baadaye aliuza mahindi na samaki, na uzeeni akahamia Tororo na sanduku moja la bati. Alipofariki tulingoja nyanya amalize eda yake, miezi minne na siku kumi, ndipo tukalifungua. Kungoja huko lilikuwa kosa letu la kwanza, maana deni halikai eda.

Tulikuta tiketi za kodi ya kichwa, zimefungwa kwa mpira mwaka baada ya mwaka. Wakati ule mwanamume asiye na tiketi aliweza kukamatwa njiani, kwa hiyo nilielewa kwa nini alizitunza hata baada ya kodi hiyo kufutwa mwaka 2005. Tulikuta vitambulisho viwili, cha Uganda na cha Kenya, cha pili kikiwa cha zamani kuliko katiba ya Kenya ya 2010 iliyoruhusu uraia wa nchi mbili. Hapo nitanyamaza, marehemu ana sitara yake. Kulikuwa na makubaliano ya kununua kiwanja, yenye alama za vidole gumba na muhuri wa mwenyekiti wa LC1. Na chini kabisa kulikuwa na daftari jeusi la madeni, kila ukurasa umeanza na Bismillahi.

Baba mdogo alitia karatasi za kiwanja mfukoni. "Hizo nyingine choma," akasema.

Kuhusu tiketi sikubishana. Kutunza kila karatasi si uchamungu, na nyumba ya nyanya ina panya wa kutosha. Kuhusu jina la Allah kuwamo nako hakuna tatizo kubwa: Sayyidna Uthman (r.a.), alipowakusanya Waislamu kwenye msahafu mmoja, aliamuru nakala nyingine zichomwe, na wako wanazuoni wanaoona kuzifukia mahali safi ni bora zaidi. Lakini nililishika lile daftari na sikuliachia.

Kurasa nyingi zilikuwa za watu wanaomdai babu samahani, kama alivyopenda kuwaita, yaani wadeni wake. Baba mdogo alitaka tuwasamehe wote kwa mkupuo, iwe sadaka ya marehemu. Maneno mazuri, na Suratul Baqara inasifu kumsamehe mdeni aliyekwama. Ila mali ile si ya babu tena. Ni ya warithi, na mmoja wao ni shangazi yangu mwenye miaka 12 (ndiyo, shangazi yangu, na humwamkia shikamoo kwa utani). Mtoto hawezi kusamehe haki yake, wala sisi hatuwezi kumsamehea. Kuchoma ukurasa ule kungekuwa kutoa sadaka kutoka mfuko wa yatima.

Kisha nikafika ukurasa wa mwaka 1985. Babu ndiye aliyekopa: magunia mawili ya mahindi na shilingi 40,000 za Uganda, kutoka kwa mzee mmoja wa Marachi, upande wa Kenya. Sahihi mbili chini. Mstari wa kufuta haukuwepo.

Baba mdogo alicheka. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, kwa hiyo tunadaiwa shilingi 400, isiyotosha chapati. Na aliponiona nimenuna akaniambia nimtolee fatwa, mimi shehe mdogo. Ukweli ni kwamba hakukosa hoja. Baraza la Fikihi la OIC lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba deni la fedha hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake. Imamu Abu Yusuf, kwa upande mwingine, aliangalia thamani pale sarafu za shaba zinapobadilika bei. Mahindi hayana utata huo: gunia hulipwa gunia.

Lakini alichokuwa akikitaka hasa si fatwa ya hesabu. Alitaka ukurasa usiwepo, ili tusijue. Nami nakiri kwamba usiku ule nililitamani hilo. Kilichonizuia ni ile aya ndefu ya deni, ya 282 katika Baqara. Ndani yake anayeamriwa kumsomea mwandishi maneno ya kuandika ni yule mwenye kudaiwa. Babu alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, na mimi ningekuwa namziba mdomo baada ya kufa.

Nikavuka mpaka kwa miguu. Yule mzee alikwishafariki. Mwanawe, mtu mzima sasa, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wao walichoma karatasi zote za baba yao mwaka aliofariki. Hakujua lolote kuhusu deni. Katika dunia nzima ushahidi wa haki yake ulikuwa ndani ya mfuko wangu wa plastiki.

Tulisuluhishana: magunia mawili, na pesa akakataa, akisema yeye na ndugu zake wote ni watu wazima na watakubali. Nilimwomba awapigie simu kwanza, akawapigia. Halafu akauliza kama anaweza kuichukua karatasi yenyewe, kwa sababu hana popote pengine sahihi ya baba yake.

Baba mdogo, kwa simu, akasema hapana, hiyo ndiyo risiti yetu. Basi tukaenda wote wawili kwenye kibanda cha fotokopi karibu na mpaka. Yeye akaandika "imelipwa" kwenye nakala, akatia sahihi, nikairudisha Tororo. Ile ya 1985 ilibaki Marachi.