Kiota cha Njiani na Shamba la Mtama

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumb. 22:6, 7, Mt. 10:29–31, Kumb. 14:21, 1 Fal. 4:33, Kut. 23:10, 11, Kut. 34:21.

Masika yanapoelekea mwisho na punje za mtama zinapoanza kujaa maziwa, mkulima wa Bariadi, Itilima au Maswa huhamia shambani. Alfajiri yuko juu ya dungu na kombeo lake na kipande cha bati. Jioni bado yupo, sauti imemkauka. Watoto humpokea wakitoka shule, na wengine, kwa masikitiko, hawaendi shule kabisa majuma hayo. Anayengojewa ni ndege asiyejaza kiganja, mwenye uzito wa gramu 20 hivi: kwelea kwelea. Pamba haigusi, na hindi lililofunikwa kwa maganda humshinda. Anataka mtama, uwele na mpunga. Ndege mmoja huweza kula hadi gramu 10 za punje kwa siku, kiasi ambacho hakuna Msukuma angemnyima mgeni. Lakini haji mmoja. Kundi la ndege milioni moja huweza kumaliza tani 10 kwa siku, na yako makundi makubwa kuliko hilo.

Mwanadamu alipewa kutawala ndege wa angani (Mwa. 1:28). Je, utawala huo unampa haki gani juu ya ndege anayemlia chakula chake?

Soma Kumb. 22:6, 7. Ni mambo gani yanaruhusiwa hapa, na ni lipi linalokatazwa?

Mtu anapita njiani, anaona kiota, na mama ameyalalia mayai au makinda. Anaweza kuchukua makinda. Mama lazima amwache aende. Jambo dogo kiasi hiki limewekewa ahadi ya kheri na siku nyingi, kama ile ya kuwaheshimu baba na mama (Kumb. 5:16). Wengine hueleza kwamba mama huachwa ili apate kutaga tena. Maelezo hayo ni ya kweli, na kila mfuga kuku anayajua, lakini hayatoshi. Kama sababu ingekuwa hiyo tu, kwelea angekuwa nje ya amri hii, kwa maana hakuna hofu ya kuisha kwake. Wataalamu humhesabu kuwa miongoni mwa ndege wa mwituni walio wengi kuliko wote duniani. Hujenga viota kwa maelfu katika miti ya miiba, na katika muda wa majuma sita hivi makinda wameruka na koloni limehama.

Amri inamtazama pia mtu mwenyewe. Yuko peke yake, hakuna amwonaye, na mbele yake yuko kiumbe ambaye angeweza kuruka lakini hajaruka kwa sababu ya watoto wake. Upendo wake ndio uliomfanya akamatike. Mungu hataki mkono wa mtu wake uzoee kutumia nafasi kama hiyo.

Soma Mt. 10:29–31. Kristo anapomlinganisha mtu na shomoro, je, anamshusha shomoro?

Ili kuokoa mazao, serikali hupeleka wataalamu kutafuta malalo ya kwelea, na mara kadhaa ndege za Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki zimetumika kunyunyizia sumu ya fenthioni. Kazi hufanywa jua linapotua, kwelea wakiwa wamekusanyika kulala. Hapo hakuna anayetenga mama na makinda. Je, mshiriki aliyempa taarifa afisa ugani amevunja neno la Mungu? Hapana. Familia iliyopoteza mtama imepoteza chakula cha mwaka, na Kristo amesema wazi kwamba mtu ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini katika maneno yale yale amesema hakuna hata mmoja aangukaye pasipo Baba kujua. Shomoro asingefaa kuwa kipimo cha kufariji wanafunzi kama asingekuwa na thamani yoyote.

Basi kuua kunaweza kuruhusiwa, na bado uzembe ukawa dhambi. Sumu haichagui. Bundi na tai wanaokula mizoga ya kwelea huweza kufa nao, na bundi huyo huyo ndiye angekamata panya ghalani. Kuna tena watu wanaookota ndege walioanguka na kuwapeleka jikoni. Katazo la kula nyamafu (Kumb. 14:21) husomwa mara nyingi kama jambo la Waisraeli wa kale, karibu na malalo yaliyonyunyiziwa ni jambo la chakula cha jioni hii, na mzee wa kanisa anayenyamaza atawajibika. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, wako watu ambao kwa miaka mingi wamewatega kwelea kwa vikapu na nyavu, wakala na kuuza. Njia hiyo haiwezi kumaliza kundi la mamilioni, na asidanganyike mtu. Kwa malalo madogo, hata hivyo, inakaribia zaidi roho ya Kumb. 22: mkono unachukua kile utakachokula.

Soma 1 Fal. 4:33. Kwa nini habari za ndege zimehesabiwa katika hekima ya Sulemani?

Adamu aliletewa ndege awape majina. Ilimpasa kwanza kuwatazama. Mtaalamu mwaminifu naye hutazama kabla ya kunyunyizia: wako wangapi, viota vina mayai au vimeachwa, ni ndege gani wengine wanalala humo, kisima kiko wapi.

Usukuma umewahi kulipa gharama ya haraka. Wakati wa ukoloni, idara ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa Shinyanga, ikiongozwa na C. F. M. Swynnerton, ilifanya majaribio ya kufyeka vichaka ili mbung'o wakose makazi. (Swynnerton huyo alikuwa mpenzi wa ndege, hata yuko ndege mmoja wa msituni anayeitwa kwa jina lake.) Ufyekaji uliendelea kwa miaka mingi, mashamba na mifugo vikaongezeka, na nchi ikabaki uchi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa huo; Simiyu ulikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Mradi ulirudi kwenye desturi ya wazee: ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa ili majani na miti vipumzike. Miti ilirudi, na ndege pamoja nayo.

Sasa husikika sauti ikisema ngitili inaficha kwelea, ifyekwe. Lakini kwelea hulala hata kwenye matete. Akifyekewa hapa atahamia kwa jirani. Tena chakula chake hasa ni mbegu za majani ya porini. Mahali ambapo ng'ombe wamemaliza kila jani, kilichobaki kwa ndege ni mtama wa mtu. Linganisha na Kut. 23:10, 11, ambapo shamba lililopumzishwa huwalisha maskini, na baada yao wanyama wa kondeni.

Maswali ya kujadili:

1. Kijiji kinaomba malalo yanyunyiziwe. Washiriki wa kanisa wanaweza kufanya nini siku ile, na siku tatu zinazofuata, kwa ajili ya visima, mifugo na watoto wa jirani?

2. Kwelea hula zaidi asubuhi na jioni, na hawaijui Sabato. Kut. 34:21 linaamuru kupumzika hata wakati wa mavuno. Dada mmoja mjane amepatana na jirani yake wa kanisa jingine: jirani humwamia ndege siku ya Sabato, naye humwamia jirani siku ya Jumapili. Someni tena Kut. 20:10 na Lk. 14:5. Je, mapatano hayo ni upendo wa jirani, au ni kumtwika mgeni kazi ambayo yeye ameiacha? Kabla ya kumjibu, kikundi kijiulize ni nani kati yao amewahi kwenda kumsaidia shambani siku nyingine za juma.