Je, Mama Amestaafu Lini?

Mtumishi wa Serikali kwa kawaida hustaafu afikapo miaka 60. Hapo Wachagga wengi huishika ile njia ndefu ya kurudi kihambani: kiasi cha kilomita 550 kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, kisha kupanda migombani. Zamani, kwa ufupi wa likizo ya Krismasi, waliimaliza kwa siku moja. Sasa mzee na mkewe wana nafasi. Hulala Korogwe, hulala na Same.

Lakini hata safarini nguo huchafuka, dawa huisha, mkate hauna budi kununuliwa. Mzee huketi kivulini na chai yake, akisema, “Mimi nimekwisha kustaafu.” Je, mkewe amestaafu lini?

Yatupasa kujibu kwa haki. Pumziko limwongezealo mwingine mzigo si pumziko, bali ni deni. Basi, ndugu msomaji, ufikapo Moshi twaa kikapu wewe mwenyewe, uingie sokoni ukanunue chumvi na sabuni. Mkeo naye aketi kidogo, autazame mlima.