Mila ya Nani Darasani?

Mwaka 1928, chini ya utawala wa Waingereza, shule ilifunguliwa Malangali, Iringa, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Mufindi. Mkuu wake, W. B. Mumford, alitaka shule isiyomng'oa mtoto kwao. Wazee waliitwa kufundisha mila, na vijana wakacheza ngoma na kutupa mikuki huku wakijifunza kusoma na kuandika.

Lipo la kusifu hapo: mtoto hakuambiwa kwamba ya kwao ni ushenzi. Lakini nani aliamua kwamba Uhehe, yaani utamaduni wa Wahehe wa Iringa, ni mkuki na ngoma? Gavana Donald Cameron alikuwa akitawala kupitia machifu, na utawala wa namna hiyo ulitaka vijana wabaki ndani ya kabila. Mila ikawa ua. Kijana aliheshimiwa kama Mhehe kabla ya kuulizwa anataka kuwa nani, na heshima ya namna hiyo ina kasoro kubwa.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule iwe sehemu ya kijiji na imwandae Mtanzania, si mtu wa kabila. Kiswahili kikatuunganisha, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mtoto wa Rungwe anayeingia darasa la kwanza na Kinyakyusa peke yake hunyamaza. Akifika kidato cha kwanza, masomo yakageuka kuwa ya Kiingereza, hunyamaza tena.

Wanyakyusa wa zamani wangeshangaa. Kwao vijana wa rika moja walijijengea kijiji chao, wakila na kuzungumza pamoja, na busara ilitarajiwa itoke katika mazungumzo hayo. Monica Wilson aliandika kitabu kizima kuhusu vijiji hivyo mwaka 1951. Mila ya kurithi ni hiyo ya kuzungumza, si vazi wala ngoma ya siku ya wageni.

Na mazungumzo hayo yana pa kuanzia darasani. Huko Mbarali, mtoto wa mkulima wa mpunga hukaa dawati moja na mtoto wa mfugaji wa Kisukuma. Mmoja anajua jinsi ya kufungulia maji ya mfereji yaingie kwenye jaruba bila kubomoa tuta. Mwingine anajua ng'ombe wanyweshwe wapi Mto Ruaha Mkuu ukikauka. Kuhusu maji watabishana, maana wazazi wao wanabishana.

Mwalimu wa jiografia, anzia hapo. Waulize wote wawili, waache wajibu kwa lugha waliyo nayo, kisha ndipo ufungue kitabu.