*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Mgonjwa wa mionzi na funga yake*



Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinivuta pembeni. "Shekhe, baba ana saratani ya figo, imeshafika kwenye ubongo. Wiki ijayo tunashuka naye Dar, Ocean Road, akapigwe mionzi. Amegoma kula mchana. Anasema anataka akutane na Mola wake akiwa amefunga. Tumwambieje?"

Hamu ya mzee huyu ni hamu ya muumini, usiibeze. Lakini hukumu iko wazi. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Allah amemruhusu mgonjwa kula, kwa sababu hataki kututia katika uzito.

Na huu si ugonjwa wa mafua. Saratani ikiingia kichwani, ubongo huvimba. Wagonjwa wengi hupewa vidonge vya kupunguza uvimbe huo, vinamezwa na chakula, na kuvikatisha ghafla ni hatari. Mionzi nayo inachosha mwili. Anayefunga huku akijua funga itamdhuru hajazidisha ibada, amejidhulumu.

Akipata nafuu, atalipa siku zake. Ikiwa madaktari wamesema hakuna tarajio la kupona, atatoa fidia: kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Sasa mwambieni mzee hili, huenda likamtuliza. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Musa (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mja akiugua huandikiwa amali aliyokuwa akiifanya alipokuwa mzima. Ramadhani zote alizofunga zinamsemea leo. Anakunywa uji saa sita mchana, na tunataraji kwa Allah anaandikiwa funga.

Na wewe jirani? Wapo wanaoogopa kukaa na mgonjwa, eti "ana mionzi." Mashine ile humpiga kutoka nje, ikizimwa imekwisha, haibaki mwilini mwake. Mshike mkono. Kula naye sahani moja. Mpelekee uji mchana bila kumfanya aone haya. Na safari ya Dar ni nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza, basi usiishie kwenye "pole" tu.

*Kazi ya leo:* kabla ya futari, mpigie simu mgonjwa mmoja, umuulize anahitaji nini.

Yaa Allah, Mola wa watu, waondolee wagonjwa wetu madhila, uwape shifaa isiyoacha ugonjwa. Aamiin.

_Wafikishie na wengine._