Presha Yako ni Ngapi?

Wajukuu zangu, kila mwaka baada ya mavuno naona begi limefungwa nyuma ya bodaboda, na mmoja wenu anaiaga Lundo, hapa kwetu kando ya ziwa. Anakwenda Mbinga, anakwenda Songea, au anapitiliza hadi Dar es Salaam. Siwazuii. Watu wa mwambao huu wamekuwa wakiondoka tangu enzi za wazazi wetu, na wengi wamerudi na bati la kuezekea nyumba za mama zao. Ninachowaomba ni kwamba anayeondoka aondoke akijua presha yake ni ngapi. Nimefanya kazi ya unesi mpaka nikastaafu, na vifo vilivyoniuma kuliko vyote ni vya watu wazima wenye nguvu, walioangushwa na presha ambayo kidonge cha kila siku kingeituliza.

Najua mnavyosema. Presha ni ya matajiri, ya wanene, ya wenye mawazo mengi. Siku moja mvuvi alikuja nimfunge kidonda cha ndoana. Hajafika miaka arobaini, mwembamba, mikono imejengeka kwa kupiga kasia. Nikamfunga mkanda wa kipimo, nikaujaza upepo, nikauachia taratibu huku nikisikiliza. Mapigo yalianza kusikika kwenye 200, yakapotea kwenye 120. Nikampumzisha, nikahamia mkono wa pili, majibu yakawa yale yale. Akaniuliza, "Nesi, mbona mimi siumwi popote?"

Hilo swali ndilo ugonjwa wenyewe. Presha kubwa haiumi. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikiwa chini ya 120 kwa 80, shukuru Mungu. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, na ukirudia siku nyingine ikawa hivyo hivyo, una shinikizo la juu la damu, hata kama asubuhi hiyo umelima nusu eka. Msipime mkiwa mmetoka kupanda kilima. Kaa kitako, miguu chini, tulia dakika tano, usizungumze, ndipo upimwe.

Moyo unaosukuma damu kwa shida kila siku hunenepa ukuta wake, kama mkono wa mpiga kasia. Lakini mkono ukinenepa unapata nguvu. Ukuta wa moyo ukinenepa unakakamaa, haujai damu sawasawa, na mwisho wake moyo unatanuka na kulegea. Hapo ndipo miguu inavimba jioni, mtu anashindwa kulala chali, anaamka usiku wa manane akitafuta hewa dirishani. Wengine hawafiki huko, kwa kuwa mshipa wa kichwani hupasuka au kuziba kwanza, na hicho ndicho kiharusi. Miaka ya 1990 watafiti walifuatilia vifo vya kiharusi katika wilaya ya Hai, Dar es Salaam na Morogoro Vijijini. Waliona kwamba vijana na watu wa makamo wa Tanzania walikuwa wakifa kwa kiharusi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa Uingereza na Wales. Na sababu waliyoishuku zaidi ilikuwa presha isiyotibiwa.

Sasa sikilizeni habari ya wenzetu wa ziwa jingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, madaktari walifuatilia Wajaluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Viktoria kwenda kutafuta kazi Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Ni watu wa damu moja, walaji samaki, wengi wao vijana. Haikuchukua miaka. Ndani ya miezi michache presha za waliohama zilikuwa zimepanda kuliko za waliobaki. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu pungufu, na miili yao ilikuwa na uzito zaidi. Niliposoma habari hiyo niliwaona ninyi, wa kutoka kando ya ziwa, mkipanga chumba Mbagala, mkila chipsi za jioni zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili kwa sababu chakula cha mama kiko mbali.

Potasiamu haihitaji kununuliwa kwenye chupa. Iko kwenye ndizi, maharage, matembele, kisamvu, maembe, parachichi na muhogo, na vyote hivyo mmekulia navyo. Husaidia mwili kutoa chumvi na kulegeza mishipa. Ila mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee vyakula hivyo bila kumuuliza daktari. Chumvi nayo, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, kwenye viungo vya pakiti na kwenye samaki wa chumvi. Usipa wetu aliyeanikwa juani bila chumvi ni kitoweo kizuri sana. Aliyetiwa chumvi aloweke, amwagwe maji, ndipo apikwe, na sufuria hiyo isiongezwe chumvi nyingine. Kibakuli cha chumvi kiondoke mezani kabisa.

Wala msidhani jiji liko Dar tu. Limeshafika hapa. Bibi zenu walipanda milima kwa miguu na samaki kichwani, kwenda kubadilishana na Wamatengo kwa mahindi na maharage. Leo kijana anapanda pikipiki kutoka nyumbani hadi dukani, mahali ambapo hata sauti yake ingefika. Na kutembea si kitu kidogo kwa moyo. Miaka ya 1960 na 1970 daktari wa Marekani, George Mann, aliwachunguza Wamasai, watu wa maziwa na nyama. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha walichokiona kwenye mioyo na mishipa ya wanaume 50 waliofariki. Mafuta yalikuwa yameganda ndani ya mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikipita bila kizuizi. Walidhani ni ile kutembea kutwa nzima na mifugo. Tembeeni, wajukuu zangu, mpaka pumzi ibadilike, nusu saa kila siku.

Sigara acheni, sina maneno mengi juu yake. Gongo vilevile.

Vidonge vya presha ndivyo vinavyonipa mashaka zaidi. Yule mvuvi alivitumia, presha ikashuka, akaviacha kwa sababu alijiona amepona. Alirudi akiwa amebebwa kwenye kitanda, mdomo umepinda. Presha ikishuka ukiwa unameza dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Usiache mpaka aliyekuandikia akwambie. Na kuishi na ugonjwa wa moyo si aibu. Rais Magufuli alipofariki Machi 17, 2021, taifa liliambiwa kwamba alikuwa na tatizo la mapigo ya moyo kwa zaidi ya miaka 10. Katika miaka hiyo yote alikuwa waziri, kisha rais. Kwa nini fundi au mama lishe aone haya kubeba vidonge vyake mfukoni?

Mtu akibanwa kifua ghafla, maumivu yakishika mkono, taya au mgongo, jasho jembamba likimtoka, au uso ukipinda upande mmoja na maneno kukwama, mpelekeni hospitali ya Liuli au yoyote iliyo karibu saa hiyo hiyo. Watakuja wa kusema amerogwa. Msibishane nao, maana mabishano yanakula muda. Gari au boti iondoke kwanza.

Nimebakiza jambo la watoto. Mtoto akiumwa koo, mafindofindo yamevimba na homa ipo, bado kuna wanaompeleka akakatwe kimeo. Kukata kimeo hakuui vijidudu vilivyo kooni. Kunamwachia kidonda na damu. Koo la namna hiyo lisipotibiwa, kwa baadhi ya watoto huleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huharibu vali za moyo polepole, mpaka binti anafika umri wa kuzaa akiwa hawezi kupanda ngazi. Vali zikishaharibika, safari ni ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na upasuaji wa kifua. Dawa ya koo inapatikana zahanati. Mtoto ambaye homa hiyo imeshampata huchomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano yake inauma, atalia, mshikeni. Na wewe mama unayehama na mtoto wa namna hiyo, beba kadi yake ya kliniki kabla ya vyombo, na siku ya sindano isipite eti kwa sababu bado hujapata nyumba ya kupanga.