Wema wa Kuzuia na Mipaka Yake

Kujizuia ni sifa njema. Asiyejizuia hupoteza nguvu zake kama maji yamwagikayo mchangani. Lakini je, kuzuia kila kitu, bila kuacha hata upenyo, ni wema uliokamilika? Wataalamu wa atomu wamekutana na swali hili katika kazi ya moto.

Jua hung'aa kwa kuunganisha viini vya hidrojeni. Ili kazi hiyo ifanyike duniani, gesi hupashwa joto la nyuzi milioni 100 na zaidi, ikageuka plazima. Hakuna chombo kiwezacho kuigusa na kuishika. Hivyo huzungushiwa ukuta usioonekana wa nguvu za sumaku. Mwaka 1982, katika mtambo wa ASDEX huko Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waligundua hali ambayo plazima hushikika vizuri kuliko kwanza. Neema hiyo ilikuja na dosari. Kadiri joto lilivyozuiliwa, ndivyo tofauti kati ya ndani na nje ilivyozidi kuwa kali ukingoni, kama genge la mlima. Kisha ghafla ukingo hupasuka, na joto hurushwa ukutani kwa kufumba na kufumbua. Katika mtambo mkubwa wa ITER, unaojengwa Ufaransa, mapigo ya namna hiyo yangeweza kuyeyusha uso wa kuta. Kamba hukatika pabovu.

Dawa si kulegeza kila kitu, maana joto lingepotea na kazi ingekufa. Wala si kukaza zaidi. Ukingo hutikiswa kwa sumaku ndogo, au hutupiwa vipande vya hidrojeni iliyoganda, ili kinachozidi kitoke kidogo kidogo.

Mkazi wa Nairobi hahitaji kwenda Ufaransa kuona ukingo mkali. Mtaa wa Ayany una nyumba za mawe. Hatua chache kutoka hapo ni vibanda vya mabati vya Kibera. Tofauti kubwa katika nafasi ndogo: ndio ukingo huo. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliwaka Kibera, na reli ipitayo humo iling'olewa. Ukuta na askari wana kazi yao, lakini peke yao hawatoshi. Baraza lisikilizalo malalamiko mapema huokoa mengi.

Hata hivyo, mfano huu una mwisho. Plazima haina haki; haimdai aliyeifunga. Mtu anadai. Kumwachia mnyonge apige kelele ili atulie, bila kumwondolea kinachomliza, ni hila, si hekima.

Basi, wewe utakayekabidhiwa madaraka kesho, yawe ya nyumba, ya darasa au ya nchi, usijivunie ukimya wa waliozuiliwa. Tazama kwanza ukingoni: tofauti iliyopo ni kali kiasi gani, na ni nani aliyeichonga?