Jiwe na Chuma

Bunduki ya gumegume, ambayo Mkataba wa Brussels wa 1890 uliiacha iletwe Afrika huku zile za kisasa zikizuiliwa, hukataa kutoa cheche kwa sababu chache. Huenda jiwe ni butu, au limelegea katika ngozi yake. Fundi akiisha kulichonga na kulikaza bila faida, hutazama kibamba cha chuma. Maana cheche ni chembe za chuma zilizokwanguliwa na jiwe. Chuma laini hupata mikwaruzo tu. Sharti kitiwe motoni hata kiwe chekundu, kisha kizimwe ghafula.

Nasi je? Ibada ikipoa twamlaumu padri, twataka jiwe jipya. Yeremia (23:29) alilifananisha Neno la Bwana na moto. Sisi wa Mbweni, tuliolisikia miaka yote hii, tumekubali kutiwa humo?